Mgeni Aliyesubiri Jembe

Bahasha ya kaki ilipatikana Jumanne moja ya Agosti 2024, chini ya boksi la mishumaa iliyobaki kutoka Pasaka. Karani wa ofisi ya parokia alikuwa akitafuta risiti za mabati ya choo cha watoto. Badala ya risiti akatoa fomu 63 zilizokunjwa mara mbili, nyingine zikiwa na alama za vikombe vya chai. Kila fomu ilikuwa na jina, nambari ya simu, jina la jumuiya na mstari mmoja: "Ningependa kuhudumu katika…" Zilikuwa zimejazwa tarehe 21 Januari. Miezi saba. Karani alinipigia simu kwa sababu wakati huo nilikuwa katibu wa baraza la parokia, na kwa sababu, alivyonieleza kwa upole usio wa kawaida yake, mwandiko ulio juu ya bahasha ulikuwa wangu.

Nakiandika kisa hiki kwa kuwa kila nikikutana na makatibu wa parokia nyingine za Nairobi, nagundua kila mmoja ana bahasha yake mahali fulani. Parokia yetu siitaji. Iko Eastlands, ina Misa tatu za Jumapili, jumuiya 24, choo kipya cha watoto, na matangazo ya kila wiki yanayosikitika kwamba waumini hawapendi kujitolea. Majina ya watu pia nimeyaacha. Yule anayehusika zaidi nitamwita Muuguzi, maana ndiyo kazi yake.

Jumapili ya wavuvi

Tarehe 21 Januari 2024 ilikuwa Jumapili ya Neno la Mungu, siku ambayo Papa Fransisko aliiingiza katika kalenda ya Kanisa mwaka 2019. Injili ilitoka Marko sura ya kwanza: Simoni na Andrea wanatupa jarife baharini, Yesu anapita, anawaita, wanaacha nyavu. Fadha alihubiri vizuri siku hiyo, sina haja ya kudanganya. Alisema parokia si hoteli ambapo mtu anakula na kuondoka. Watu wakacheka, wakapiga makofi, na kabla ya baraka ya mwisho wakaribishaji wakapita kwenye mabenchi na fomu. Kalamu zilikuwa chache. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu alimaliza kujaza yake baada ya watu kuanza kutoka, akaniletea mkononi na kusema, "Katibu, hii usiipoteze."

Nikiisoma Injili ile leo naona jambo ambalo siku hiyo lilinipita. Yesu hakusimama ufukweni kutangaza kwamba wanaotaka kumfuata waache majina kwa karani. Alimkuta Simoni akitupa wavu, akawakuta wana wa Zebedayo chomboni wakitengeneza nyavu zao, akamwita kila mtu pale alipo na kwa lugha ya kazi aliyoijua. Sisi tulihubiri wito, kisha tukagawa karatasi.

Karatasi yenyewe ilikuwa na visanduku vya kutia alama: liturujia, kwaya, katekesi, vijana, CWA ya akina mama, CMA ya wanaume, Vinsenti wa Paulo, Legio ya Maria, haki na amani, maendeleo. Kwa mtu aliyekulia parokiani hayo ni majina ya kawaida. Kwa mtu aliyehamia mtaani juzi ni kama kuonyeshwa milango kumi iliyofungwa na kuulizwa ungependa kuingia upi. Muuguzi hakutia alama popote. Pembeni, kwa herufi ndogo zilizonyooka za mtu aliyezoea kujaza chati za wodini, aliandika: "Kupima watu presha. Jumamosi ya pili ya mwezi niko ofu. Nina mashine yangu."

Katika fomu zote 63, hii ndiyo peke yake iliyotaja kazi, siku na kifaa. Na ilikaa na nyingine chini ya mishumaa.

Kwa nini bahasha ililala

Ni rahisi kusema katibu alizembea. Nilizembea, nakubali. Lakini nimeifikiria sana bahasha ile, na sidhani katibu mwingine angefanya vizuri zaidi, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumkabidhi. Fomu iliuliza mtu anataka kikundi gani, na kila kikundi kina mwenyekiti wake, katibu wake na mweka hazina wake. Nani hasa angempigia simu mtu aliyeandika "popote"? Kulikuwa na "popote" 19. Nani angempigia anayetaka kupima presha, wakati hatuna kikundi cha afya? Baraza lilikutana Februari, ajenda ikaliwa na Jumatano ya Majivu (iliyoangukia tarehe 14 Februari, na mjadala mrefu juu ya maua mekundu ya siku ya wapendanao), kisha Kampeni ya Kwaresima, kisha Pasaka tarehe 31 Machi. Bahasha ilihama kutoka meza yangu hadi meza ya ofisi, kutoka meza hadi kabatini. Hakuna aliyeitupa. Kila mtu aliisogeza tu.

Sababu ya pili ina mizizi mirefu zaidi. Kanisa Katoliki katika ukanda huu lina njia yake ya kumwingiza mtu kazini, nayo ni jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki wenye makao yake hapa hapa Nairobi, walianza kuzisukuma mwaka 1973 na mwaka 1976 wakazifanya kipaumbele cha uchungaji. Ni mpango mzuri kuliko unavyosifiwa. Katika jumuiya unajulikana kwa jina. Zamu ya kusafisha kanisa Jumamosi inakuja, unashika ufagio pamoja na wengine. Mnaongoza liturujia, mtu anakusukuma usome somo la kwanza, unasoma ukitetemeka, mwezi unaofuata hutetemeki tena. Ukifiwa wanafika na sufuria zao. Hata barua ya ubatizo wa mtoto inapitia hapo. Mtu wa jumuiya hahitaji fomu.

Ila jumuiya inadai kitu ambacho wapangaji wengi wa Nairobi hawana: kuwa nyumbani saa ile ile kila wiki. Jumuiya ya mtaa wa Muuguzi hukutana Jumatano saa moja jioni. Yeye hufanya shifti. Wiki hii usiku, wiki ijayo mchana, na akitoka mchana kuna msongamano wa Barabara ya Jogoo. Alikuwa amehudhuria mara mbili katika mwaka mzima. Mara ya pili aliulizwa, mbele ya watu wote na kwa wema kabisa, mbona amepotea. Hakurudi tena.

Na kuna jambo ambalo vitabu vya parokia havilisemi: kujitolea kunagharimu pesa. Kujiunga na kikundi ni kadi, sare, mchango wa kila mwezi, mchango wa hija, mchango wa zawadi ya Fadha akihamishwa. Mama mmoja alinieleza kwamba amekaa miaka minne bila kujiunga na akina mama wenzake kwa sababu kila akipata hela za sare, karo inazimeza. Silaumu vikundi; sare ina heshima yake, na mama aliyevaa sare siku ya mazishi hahitaji kujieleza. Nasema tu kwamba tulikuwa tukiwalaumu watu kwa kutoingia mlango uliokuwa na tozo.

Majirani zetu Waanglikana wana Mothers' Union yao, iliyoanzia Uingereza mwaka 1876, na Wapresbiteri wa PCEA wana Woman's Guild, na nimesikia manung'uniko yale yale ya sare upande wa pili wa ua. Hatuko peke yetu.

Maji

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili mvua ilinyesha kama imetumwa. Mathare, Mukuru na mitaa mingi ya kando ya mito ilijaa maji. Asubuhi tulifungua ukumbi wa parokia kwa sababu watu walikuwa tayari wamekaa kwenye ngazi zake, magodoro yakichuruzika.

Hakuna aliyetangaza chochote mimbarini. Kufikia saa sita mchana kulikuwa na akina mama wakipika uji nyuma ya sakristia, fundi wa stima ambaye sikuwahi kumwona Misa akirekebisha soketi, na vijana wamepanga mstari wa kupitisha majerikeni. Vijana walikuwepo kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa, na muhula wa pili uliokuwa uanze tarehe 29 Aprili ukaahirishwa kwa ajili ya mvua hiyo hiyo. Mvulana wa kidato cha pili ndiye aliyekuwa na daftari la majina ya familia, na alilitunza kuliko nilivyowahi kutunza kumbukumbu za baraza.

Alhamisi jioni nilimkuta mwanamke amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa ukumbi, bado amevaa viatu vyeupe vya kazini, mbele yake kuna stuli na mashine ya presha. Wazee walikuwa wamejipanga. Alikuwa anamwambia mzee mmoja avue koti, asivute mkono, anyamaze kidogo. Mashine ikavuma, ikatoa namba. Akaipima tena upande wa pili. Hakumwambia mzee namba. Alimuuliza dawa zake ziko wapi. Mzee akaonyesha kwa kidevu upande wa mto. Zilienda na maji. Muuguzi akaandika kwenye kipande cha karatasi, akamwita yule mvulana wa daftari, akamwambia ampeleke huyu mzee kituo cha afya sasa hivi, si kesho.

Nilimshukuru. Nikamuuliza anatoka jumuiya gani, akaitaja. Nikamwambia, "Tungependa watu kama wewe parokiani." Akaniangalia kidogo.

"Nilijaza fomu," akasema.

"Aah, vizuri sana. Basi tutakupigia simu."

Hayo ndiyo maneno yangu, na siwezi kuyarudisha.

Mei watu wa kando ya mito waliamriwa kuhama, nyumba nyingi zikabomolewa, ukumbi ukapungua watu hadi ukabaki na harufu ya Dettol. Waliojitolea walitawanyika jinsi walivyokuja. Hatukuandika nani alifanya nini. Fundi wa stima simjui jina hadi leo. Juni jiji zima lilikuwa na maandamano, vijana wetu wakiwemo.

Kwangu mimi wiki zile mbili ndizo kitovu cha kisa. Watu wale wale tuliosema hawajitolei walikuja bila kuitwa, kwa sababu shida ilimwonyesha kila mtu kipande chake: jerikeni hili, soketi hii, mkono huu wa mzee. Kazi ilikuwa na ukubwa unaoonekana, na ilikuwa na mwisho.

Simu 63

Bahasha ilipotoka kabatini niliipeleka barazani jinsi ilivyo. Mwenyekiti wa jumuiya mojawapo, mama wa miaka sabini na kitu, alizipitia fomu polepole kwa miwani yake, kisha akaziweka mezani. "Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," akasema. "Sisi tumemkalisha mgeni mkekani miezi saba, halafu tunamwambia mvivu."

Tuliamua kumpigia kila mtu. Tulikuwa wawili, mimi na yule mama, na ilituchukua wiki mbili. Nambari 9 hazikupatikana kabisa. Watu 7 walikuwa wamehama, mmoja akiwa Doha. Watano walikuwa wameenda makanisa mengine. Mmoja wao alinieleza bila chuki kwamba huko alikoenda walimpa kazi ya kupanga viti Jumapili ya kwanza, akabaki. Wanne walikuwa tayari wamejiingiza wenyewe kupitia jumuiya. Watu 21 walisema "nitaona". Na 17 walisema ndiyo.

Muuguzi nilimpigia mwenyewe.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Nani mwenzangu?"

"Ni katibu wa parokia, dada. Ulijaza fomu ya kujitolea."

"Fomu ya lini?"

"Januari."

Alicheka, na kicheko kikaendelea kwa muda ambao nilistahili. "Katibu," akasema, "si uliniambia utapiga? Basi umepiga."

Kabla ya kuwakutanisha wale 17 tulifanya jambo moja ambalo naona ndilo lililosaidia: tuliacha orodha ya vikundi, tukaandika kazi. Kusoma somo Misa ya kwanza, Jumapili moja kwa mwezi, mazoezi Jumamosi saa kumi. (Wanawake wamesoma masomo kwetu miaka mingi, ingawa ni Januari 2021 tu ndipo Papa alipofungua rasmi huduma za usomaji na utumishi wa altare kwao.) Kuhesabu sadaka baada ya Misa ya tatu: watu watatu kila mara, wasiotoka nyumba moja, wanatia sahihi wote. Kanuni namba 537 ya sheria za Kanisa inataka kila parokia iwe na kamati ya fedha, lakini wanaohesabu si lazima wawe wanakamati, na mhasibu aliyejaza fomu aliona aibu jinsi tulivyokuwa tukiandika kwenye karatasi za ziada. Alituchorea fomu moja. Ndiyo kazi yake yote aliyotufanyia, jioni moja, na bado tunaitumia.

Nyingine hazikuwa rahisi hivyo. Kumpelekea mgonjwa Komunyo nyumbani si kazi ya kila mwenye moyo mwema. Wahudumu wa Ekaristi wanapewa mafunzo na kibali. Katekesi ni safari ndefu: ukikubali watoto wa Komunyo ya kwanza unawakubali kwa mwaka, na mwalimu anayetoroka katikati anaacha darasa la watoto 40 na katekista mmoja mwenye kikohozi. Kijana mmoja alitaka kuwafundisha watoto mpira. Tulimwomba cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, na kwamba asiwe nao peke yake, akachukia, akadhani tunamshuku. Fadha alimweleza kwamba hata yeye hakai na mtoto mmoja mlango ukiwa umefungwa. Alileta cheti baada ya wiki tatu, bado amenuna, na sasa ana timu mbili.

Tulikosea pia. Tulibandika kwenye ubao wa matangazo orodha ya wale 17 na nambari zao za simu, tukidhani tunawaheshimu. Baada ya siku nne dada mmoja akaanza kupigiwa usiku na mwanamume asiyemjua. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na kanisa halimo nje yake, lakini kusema kweli hatukuhitaji sheria kujua kwamba nambari ya mtu aliyotuamini nayo haikuwa yetu kuibandika. Tulibandua siku hiyo hiyo. Dada yule aliondoka. Wakabaki 16.

Majembe matano

Jumamosi ya tarehe 14 Septemba Muuguzi alipanga meza yake chini ya mti wa mwembe uani. Walikuja watu 22. Utaratibu wake ulikuwa mfupi: unakaa dakika tano bila kuongea, anapima mara mbili, anaandika kwenye daftari lake na kwenye kadi yako. Ikifika 140 juu ya 90 au zaidi anakuandikia uende kituo cha afya, na anakuuliza mwezi ujao kama ulienda. Dawa hatoi. Ushauri wa majani hatoi. Mama mmoja alimuuliza kama maji ya baraka yanashusha presha. Akajibu, "Yanatuliza moyo, mama, lakini dawa zako meza."

Oktoba walikuja 41. Kila mtu alilizungumza. Na hapo ndipo tulipofanya kosa la pili, ambalo naliona zito kuliko la bahasha.

Jumuiya yake ilimchagua katibu, bila yeye kuwepo, kwa sababu "ana mwandiko mzuri". Baraza likaona kuna haja ya kamati ya afya, na nani mwingine angeiongoza? Akina mama wakamwandikisha na kumwambia sare wataongea baadaye. Kamati ya ujenzi ikamtaka kwa ajili ya zahanati itakayojengwa siku moja. Kwaya ya Misa ya pili ikagundua ana sauti. Kufikia Novemba alikuwa na majembe matano na makundi saba ya WhatsApp yaliyoanza kulia saa kumi na moja asubuhi na tafakari ya siku. Hakuna aliyemlazimisha. Kila mmoja alimwomba kitu kidogo tu, na kila mmoja alimwomba akitabasamu.

Tarehe 14 Desemba wazee walikaa chini ya mwembe tangu saa tatu. Saa tano nilipita nikawakuta bado wamekunja mikono ya mashati. Simu yake ilikuwa imezimwa. Mzee mmoja, nadhani ni yule aliyeniambia nisipoteze fomu yake, alisema labda amepata shifti. Waliondoka mmoja mmoja.

Wiki iliyofuata tulijua kwamba anasali mjini, kwenye Basilika ya Familia Takatifu. Hakuwa ameliacha Kanisa. Alikuwa ameenda mahali ambapo anaweza kuingia, kusali na kutoka bila mtu kumkamata mlangoni na daftari. Nairobi ina watu wengi wa namna hiyo, na wengi wao, nimeanza kuamini, ni watu waliowahi kufanya kazi nyingi mno parokia fulani.

Katika Kitabu cha Kutoka, Yethro anamwona mkwewe Musa akihukumu watu tangu asubuhi hadi jioni, naye anamwambia bila kuzunguka: jambo hili unalolifanya si jema, utadhoofika wewe na watu hawa pia. Nimesikia somo hilo likihubiriwa mara nyingi kama funzo kwa viongozi wagawe kazi. Sijawahi kusikia likihubiriwa kwa wale wanaojipanga mbele ya hema la Musa mmoja kwa sababu wamemzoea. Sisi ndio tuliokuwa kwenye foleni ile. Kumwomba anayeweza ni dakika moja. Kumtafuta mwingine, kumpigia, kumsikiliza akisema "nitaona", kumfundisha, ni mwezi mzima. Wale 21 wa "nitaona" hatukuwapigia mara ya pili. Siamini kwamba ni wavivu. Naamini walikuwa wakingoja waone kama tunamaanisha.

Wanafunzi walioanzisha Chama cha Vinsenti wa Paulo jijini Paris mwaka 1833, Frédéric Ozanam akiwa na miaka 20 tu, hawakuanza na kamati ya maskini wa Ufaransa. Walianza kwa kutembelea familia, wakielekezwa na Sista Rosalie Rendu aliyezijua nyumba zenyewe. Namkumbuka zaidi huyo Sista. Kila parokia ina Ozanam kadhaa kwenye bahasha. Anayekosekana ni mtu wa kuwaambia, mlango ule pale, gonga, nitakuwa nyuma yako.

Ghorofa ya nne

Januari 2025 nilienda kumwona, pamoja na yule mama mwenyekiti. Anaishi ghorofa ya nne, na mama alipumzika kila kona ya ngazi. Hatukubeba barua wala ombi. Tulitaka kumwomba radhi.

Alitukaribisha, akaweka chai. Kabla ya lolote aliichukua mashine kutoka juu ya friji, akamfunga mama mkono, kwa sababu alikuwa amemsikia akihema tangu ghorofa ya pili. Tulikaa kimya mashine ikivuma. Kisha mama akasema, "Mwanangu, tulikukosea," na akaacha hapo, jambo ambalo mimi nisingeliweza, ningeeleza.

Muuguzi alisema hakukasirika. Alichoka. Alisema kazini akimaliza shifti anasaini, anakabidhi, anatoka, na anayepokea anajua mgonjwa wa kitanda namba nne anataka nini. Parokiani hakuona mahali pa kukabidhi. Njia pekee ya kutoka ilikuwa kuzima simu.

Tangu hapo tumejaribu mambo kadhaa, mengine yameshika. Mtu hashiki zaidi ya kazi mbili, na baraza limemkataza hata Fadha kuvunja hilo, ingawa kisheria baraza la parokia ni la kushauri tu na yeye angeweza kutupuuza. Kila kazi ina watu wawili. Anayejaza jina lake anapigiwa simu ndani ya siku saba na mtu mmoja anayejulikana, ambaye ni yule mvulana wa daftari la mafuriko, sasa yuko kidato cha tatu na anapiga simu Jumamosi. Wanaume bado hawaji kwa wingi, na sijui tufanye nini na kwaya mbili zinazogombea kinanda.

Tarehe 8 Februari 2025 meza ilirudi chini ya mwembe. Safari hii palikuwa na viti viwili: afisa wa kliniki mstaafu, mmoja wa wale "popote" 19, alikuwa akiandika daftari. Kabla ya kufungua mashine, Muuguzi alipita ofisini akampa karani karatasi ibandikwe mlangoni. Fadha alikuwepo. Aliisoma kwa sauti.

"Presha tu. Jumamosi ya pili, saa tatu hadi saa sita. Mpaka Desemba." Akainua macho. "Na baada ya Desemba?"

"Niulize Desemba, Fadha," akasema, akachukua mashine yake akatoka uani.